Mkono wa Severa

Mimi si mtu wa magemu. Nilisomea uhasibu, nikapata diploma, nikafanya kazi katika shirika la umma mpaka shirika lilipouzwa na sisi tukarudishwa nyumbani kwa barua na soda moja moja. Kompyuta nilizijua ofisini. Zilipoanza kumiminika kutoka Dubai kwa makontena, zimeshatumika, zina vumbi la ofisi za watu, nilinunua chache nikaziweka kwenye fremu ya chini ya nyumba yetu, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Mbele nilichapa barua na kutoa fotokopi. Nyuma ya pazia watoto walicheza magemu. Nyuma ndiko kulikoniweka mjini.

Nyumba ilikuwa ya marehemu baba. Kaka yangu Hamud ndiye mkubwa wetu na ndiye aliyeisimamia, na miaka ile hakukuwa na mwenye fremu Kariakoo aliyeridhika na fremu moja. Ramadhani ilipoanza tu, akaja akasimama mlangoni kwangu huku anaangalia dari, ukuta, sakafu, kila kitu isipokuwa mimi.

"Hamdiya, vitenge vyangu vinafika baada ya Idd. Nataka stoo. Fremu hii naichukua."

"Na mimi?"

"Wewe kaa nyumbani kwako Magomeni upike futari kwa raha zako."

"Futari napika na fremu ninayo. Vyote viwili nimevimudu miaka yote hii."

"Fremu yenyewe ina nini? Watoto wote wako kwa Mrisho."

Hilo lilikuwa kweli. Mrisho, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa ameleta mashine mpya za kuchezea mpira kwenye televisheni, na watoto wangu walivuka barabara wote, hata yule niliyekuwa namwachia acheze bure kwa sababu ananiletea maji ya kunywa.

Sikutaka kubishana sana, mchana wa mfungo. Nikamwambia, "Tungoje Idd mosi. Siku hiyo kila mtoto ana hela ya sikukuu mfukoni. Pita mchana. Ukikuta wamejaa kwa Mrisho, ufunguo nakupa mkononi, sitasema neno. Ukikuta wamejaa kwangu, vitenge vyako katafutie pengine."

"Umesema mwenyewe."

"Nimesema mwenyewe."

Akaondoka anacheka. Alijua sina hela ya kununua mashine kama za Mrisho. Nilichokuwa nacho ni Rania.

Rania ni binti yangu. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na anangoja matokeo, na badala ya kungoja kama wenzake mbele ya tamthilia, alikuwa amelifungua gemu la watu wa nje na kulibadilisha matumbo. Gemu lenyewe lilikuwa la kutembea mjini: unaingia dukani, unaongea na watu, unanunua, unatumwa huku na kule. Rania aliondoa barabara zao akaweka Msimbazi na Kongo. Aliondoa makoti akaweka kanzu, khanga, mabuibui, jezi za Simba na Yanga. Mabango ya maduka aliyaandika upya, hata lile la mpiga ramli lenye makosa ya tahajia alilinakili na makosa yake. Nilipoliona mara ya kwanza nilisema moyoni, Idd tunayo.

Kisha nikakaa kulicheza.

Nilitembea mpaka kwa muuza nyanya aliyejifunga khanga. Nikamwuliza bei. Akapandisha mabega mawili mpaka masikioni na kutandaza mikono. Nikafanya kama naondoka. Akaniita kwa kidole kimoja, kiganja kimeangalia juu, kama anaita mbwa.

"Rania, huyu nani?"

"Muuza nyanya, mama."

"Muuza nyanya wa wapi? Huyu mzungu kajifunga khanga."

Akanuna. "Sura nimebadilisha. Nguo nimebadilisha. Duka nimebadilisha."

"Mikono je?"

Akazunguka na lile gemu mtaa mzima, na nilimwona anavyoona. Mzee wa kanzu anapiga saluti ya vidole viwili. Mama wa buibui anaonyesha dole gumba. Konda wa daladala anakunja mikono kifuani kama mlinzi wa benki. Wote walikuwa wa Kariakoo mpaka waliponyanyua mikono, na hapo wakawa watu wa kwingine kabisa.

"Watoto watacheka," akasema kwa sauti ndogo.

"Watacheka, halafu watavuka barabara. Inabadilishika?"

Inabadilishika, akanieleza, ila kwa taabu. Ndani ya kila mtu wa gemu kuna mifupa: bega, kiwiko, kiganja, vidole. Unamweka mtu pozi la mwanzo, pozi la katikati, pozi la mwisho, na kompyuta inajaza miondoko ya kati. Tatizo la pili, gemu halipokei ishara mpya. Linapokea tu kubadilishiwa ile iliyopo. Ukitaka mtu azungushe kiganja kusema hamna, ishara hiyo lazima uiweke mahali pa kupandisha mabega na uipe jina lile lile la mabega, la sivyo gemu halitaiona.

Hapo nilielewa mara moja. Ni suruali ya mtumba. Imeshonwa kwa kiuno cha mtu mwingine. Wewe unaipeleka kwa fundi inapunguzwa, inakunjwa, na lebo ya mwenyewe inabaki nyuma.

"Basi tunatafuta mikono," nikasema. "Si ya kukumbuka kichwani. Ya kuangalia."

Nikamwita Jeet, kijana anayepiga video za harusi kule Kisutu. Ramadhani harusi zimepungua na kamera yake ilikuwa imelala. Akaja amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Mambo, Rania? Shikamoo, Mama Rania. Bwana harusi nani?"

"Marahaba. Bwana harusi nyanya. Beba kamera twende shimoni."

Shimoni ni ghorofa ya chini ya soko la Kariakoo, kunakoshuka mizigo ya mboga. Pale nina mtu wangu, Severa, mwanamke wa Kilosa, mwili wa kutosha na mdomo wa kutosha. Nimenunua nyanya kwake tangu enzi za kupanga foleni ya sukari, na hakuna siku tuliyokubaliana bei bila kugombana. Nikamweleza. Akafurahi sana, akajifuta uso, akavua aproni, akasimama wima, mikono imebana mapajani, macho yametoka.

"Severa, unafanya nini?"

"Si napigwa picha?"

"Ya pasipoti? Uza nyanya, mama!"

"Nauza." Hakutikisa hata kope.

Jeet akasema mgomo huu ameuzoea kwa mabibi harusi. Rania akasema tumwelekeze ishara moja moja. Mimi nikaona tutakesha. Nikaokota nyanya moja tengani, nikaibonyeza, nikaitupa tena.

"Hizi ndizo unazouza watu? Mbovu mbovu hivi?"

"Nani mbovu?"

"Nyanya zako. Zimechoka kuliko mimi, na mimi nimefunga."

"Wewe Mama Rania, umefunga halafu unasema uongo? Si ukale tu!" Mkono mmoja ukapanda kiunoni. "Nyanya za leo asubuhi hizi!"

Nikataja bei ya matusi. Severa akageuza kiganja hewani, vidole vimetawanyika, mara mbili haraka: hamna. Akabetua mdomo kunionyesha njia ya kutokea. Akakung'uta mikono kama amemaliza na mimi. Nikaongeza kidogo sana. Akamwita Mungu, akamwita na jirani yake awe shahidi. Ndipo nikageuka nikaondoka.

Kila mtu wa Kariakoo anajua kuondoka. Unaondoka polepole, huangalii nyuma, na nyuma yako muuzaji naye hakuangalii. Nilifika nguzo ya pili. Nikasikia, "Haya njoo basi! Njoo!"

Jeet alikuwa amenasa kila kitu. Tulipoiangalia video pale pale kwenye kikamera chake, ilikuwa hivi: Severa amegeuzia uso kwa mteja mwingine, anampimia vitunguu kama mimi sipo duniani, na mkono wake wa kulia, wenyewe, peke yake, umenyooka kwangu, kiganja chini, vidole vinne vinajikunja na kujikunjua haraka haraka.

"Mama, hakuangalii kabisa!" Rania akapiga kelele. "Mkono unaita na uso hautaki!"

"Sasa unadhani angenichekea?"

Nyanya nilinunua. Ilibidi.

Siku zilizofuata Rania alikaa na mifupa. Mimi nilikuwa mkaguzi. Mara kiganja kinazama tumboni, mara kiwiko kinapinda nyuma kama mguu wa kuku, mara vidole vinaita polepole mno nami namwambia, "Huyo anapepea nzi. Severa ana haraka." Alikuwa anarudia. Nikisema sawa, anapumua. Nikisema bado, ananiangalia kama mimi ndiye niliyemnyima matokeo yake. Jeet alituletea wengine: mzee akitoa salamu mkono kifuani, konda akipiga bati, mwanamke akipokea kikombe.

Hamud akapita kuchungulia. Rania hata hakugeuza kichwa.

"Shikamoo, mjomba. Nisamehe, nimebakiza fremu nne tu."

"Marahaba. Fremu nne?" Hamud akavuta kiti akakaa. "Wapi hizo? Mtaa wa Aggrey?"

"Za mkono huu, mjomba."

"Mkono wa huku, Mtaa wa Sikukuu? Nani anaziachia? Mimi natafuta fremu mji mzima, kumbe mtoto unazo nne!"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Fremu za Rania ni zile picha za kuganda zinazopangwa moja baada ya nyingine mpaka mkono uende. Hamud alipoeleweshwa alikasirika kidogo, na ili kuficha aibu akasema, "Haya, nionyesheni hicho kinachowalevya."

Tungemkatalia. Hatukumkatalia.

Akakaa na mausi. Akatembea ndani ya gemu mpaka kwa Severa, akamsalimu, akapatana naye, na nikamwona mgongo wake unalegea, anatabasamu. Akalipa. Severa wa gemu akatoa chenji.

Akaitoa kwa mkono wa kushoto.

Hamud aliinuka kitini kama amemwagiwa chai. "Mimi? Napewa kwa kushoto?"

"Kaka, ni gemu."

"Gemu la nani? Na mwezi mtukufu? Hamdiya, watoto watawaiga hawa! Mwanangu akinipa kitu kwa kushoto nyumbani nitajua kajifunza kwa shangazi yake." Akavaa kofia yake. Mlangoni akageuka. "Vitenge vinakuja."

Rania alijaribu tena, akanunua yeye, Severa akampa kwa kulia vizuri kabisa. Akanunua tena, kushoto. Akatafuta kosa mchana kutwa na jioni akaja jikoni kwangu macho mekundu.

Wenye gemu, ili kubana nafasi, walikuwa wametengeneza upande mmoja tu. Mteja akisimama kulia kwa muuzaji, mkono unakwenda ulivyochorwa. Akisimama kushoto, gemu linaupindua kama kwenye kioo, na wa kulia unakuwa wa kushoto. Kwao mkono ni mkono, hakuna anayeangalia ni upi. Na hiyo kanuni iko ndani kabisa, pamefungwa, Rania hawezi kufika.

"Nikichora upya kwa kushoto, huku kutapona na kule kutaharibika. Nikisema atoe kwa mikono miwili..."

"Severa? Akupe chenji kwa mikono miwili? Watu watajua ni uongo kuliko yale mabega."

"Basi tumeshindwa, mama. Mpe mjomba ufunguo."

"Kula kwanza. Maharage yanapoa." Nikamwacha ale. Kisha nikamwuliza, "Mteja akija kulia, hakuna tatizo?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini unamruhusu aje kushoto?"

"Ni yeye anayecheza, mama. Siwezi kumkataza kwenda anakotaka."

"Mimi dukani namkataza kila siku. Fotokopi nimeiweka pale kwa nini? Ili mtu asinizunguke akasimama kwenye droo. Sijaandika tangazo. Nimeweka mashine tu. Kuweka tenga ndani ya hilo gemu unaweza?"

Aliacha kutafuna.

"Weka tenga la nyanya kushoto kwa Severa. Juu yake weka lingine. Kwa muuza betri weka baiskeli imelala. Kwa muuza viatu weka gunia. Kila muuzaji mzibie kushoto kwake, apitike kulia tu."

"Patakuwa pamebanana, mama. Mtu hatapita vizuri."

"Rania, ulishapita vizuri Kariakoo siku gani?"

Akaondoka na sahani yake. Alishinda siku mbili akipanga matenga, mizani, mikokoteni, ndoo za maji, hata mama mmoja aliyekaa chini ananyonyesha, ambaye hakuna mcheza gemu atakayethubutu kumruka. Alipomaliza nikatembea humo. Nilibanwa, nikasukumwa, nikazunguka gunia, na kila nilipofika kwa mtu nilifika upande wake wa kulia. Kila chenji niliyopewa, nilipewa kistaarabu. Na soko lile, ambalo hapo kwanza lilikuwa peupe kama uwanja wa maonyesho, sasa lilikuwa Kariakoo yenyewe. Lilikosa harufu tu.

Idd mosi ikafika. Asubuhi baada ya sala mtaa ulijaa watoto wenye nguo mpya zinazokwaruza, miwani ya plastiki, puto. Wakapita mbele ya mlango wangu. Wakavuka kwa Mrisho.

Rania alikuwa amevaa gauni lake la kijani, amekaa mbele ya kompyuta zote zimewaka, hana mtu. Waliingia watoto watatu, mmoja akitafuta choo. Mrisho alinipungia kwa mbali. Nikampungia, ndiyo adabu.

Kisha akaja Severa. Idd si sikukuu yake. Alikuwa ametoka shimoni na aproni yake, amekuja kujiona. Akasimama nyuma ya wale watoto wawili waliokuwa wanacheza, mikono kiunoni. Mmoja akafika kwenye nyanya, akataja bei. Severa wa ndani akazungusha kiganja. Severa wa nje akapiga yowe lililofika Msimbazi.

"Huyo mimi! Jamani, mimi huyo! Tazama mkono wangu!" Akaegemea kioo. "Hapo hapo, mama, usimwachie! Huyu mtoto ana hela, tazama viatu vyake!"

"Bibi, sina hela!" mtoto akamjibu wa nje.

"Unasema huna na umevaa soksi?"

Mtoto akafanya kuondoka. Severa wa ndani akageuza uso pembeni na mkono ukaita, kiganja chini, harakaharaka. Severa wa nje, bila kujua, alikuwa ameshanyoosha mkono wake mwenyewe na anaita vile vile, sawasawa, pamoja.

Watoto wakaanguka kwa kicheko. Dirishani kukawa na kichwa, kikafuata kingine. "Oya, njooni! Kuna mama wa nyanya humu, yupo mara mbili!" Hapo ndipo mlango ulipokuwa mdogo. Waliingia kwa mabega, wakapanda viti, wakaning'inia dirishani. Kila mmoja akamtafuta wake. "Konda huyo!" "Babu yangu anasalimia hivi hivi!" "Mwone anavyobetua mdomo!" Wakaanza kuigana ishara wao kwa wao mpaka barabarani. Nikasimama kwenye pazia kupanga zamu, maana bila mimi wangevunja meza. Kwa Mrisho mpira ulikuwa unajicheza wenyewe. Baadaye akaja naye, kajibana mlangoni.

"Mama Rania, hongera bwana. Na mimi nipo humo?"

"Upo. Unauza betri."

"Mbovu?"

"Kacheze ujue. Panga mstari."

Hamud alifika adhuhuri na kanzu yake ya Idd, harufu ya udi inamtangulia. Alisimama kizingitini kitambo. Watoto wakampisha, "Shikamoo mzee, shikamoo mzee," na mmoja kwa heshima akamwachia kiti. Akakaa. Nilimwona Rania ameshika ukingo wa meza.

Hamud alitembea moja kwa moja kwa Severa. Akapatana. Akakataliwa. Akaondoka polepole, kama anavyoondoka kila siku ya maisha yake, na mkono ukamwita. Akarudi. Akalipa. Mkono wa kulia ukatoa chenji.

Hakuridhika. Akazunguka kumfuata kwa kushoto. Akagonga tenga.

"Hapapitiki huko, mzee!" chumba kizima kikapiga kelele.

Akajaribu kwa nyuma. Akagonga yule mama anayenyonyesha, akarudi nyuma upesi. "Samahani," akasema, kwa sauti, kwa kompyuta. Akaja tena kwa kulia, akanunua tena, akapewa tena kwa kulia. Akajaribu kwa muuza viatu, kwa muuza betri, kwa mzee wa kahawa. Wote kulia. Akageuka akamtazama Rania kama ndiyo kwanza anamwona.

"Hii mikono umeifanya wewe?"

"Mimi na mama, mjomba."

Hamud akatoa simu mfukoni. "Haloo? Ee, na wewe pia, Idd njema. Sikiliza, ule mzigo wa vitenge usiushushe Mchikichi. Peleka nyumbani kwangu. Sebuleni, ndiyo. Nitamwambia mke wangu mwenyewe."

Rania alinirukia shingoni mbele ya watu wote, na mimi, ambaye sipendi mambo hayo mbele ya watu, nilimkumbatia nikamnyanyua miguu juu, na watoto wakapiga makofi bila kujua ni ya nini.

"Mzee, zamu yako imekwisha!" mmoja akalalamika.

"Ngoja kwanza."

"Kaka, simama," nikamwambia. "Watu wamepanga mstari mpaka nje."

"Nimesema ngoja, Hamdiya," alisema, macho kiooni, anaondoka tena polepole. "Bado hajashuka bei."